UZI: Udongo uliolowa dizeli – bakteria wamo humo humo, wanachokosa ni hewa na mbolea

Fundi_Udongo

Wakuu, uzi huu ni wa wenye udongo uliolowa mafuta: nyuma ya jenereta, uwanja wa gereji, depo, au pale lori la mafuta lilipopinduka. Nitakwenda na mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: udongo wa mita za ujazo 10, mafuta ni dizeli, maabara imesoma miligramu 10,000 kwa kila kilo ya udongo. Kama namba zako ni nyingine, badilisha. Hesabu ni ile ile.

Kwanza tujue nini kinatendeka. Dizeli ni minyororo ya kaboni na haidrojeni, mingi ina kaboni kati ya 10 na 20 hivi. Karibu kila udongo una bakteria wanaoweza kuila: Pseudomonas, Rhodococcus, Acinetobacter na jamaa zao. Mafuta yakimwagika, wasioyaweza wanapungua na hawa wanazaana. Bakteria anaishika ncha ya mnyororo na kuipachika oksijeni, ncha inageuka alkoholi, kisha asidi ya mafuta ya aina ile ile iliyomo kwenye mafuta ya kupikia. Kutoka hapo anaikata kaboni mbili mbili, kama mtu anavyokata muwa pingili kwa pingili. Kinachobaki ni kaboni dioksidi, maji, na bakteria wengi kuliko mwanzo.

Ile hatua ya kwanza inadai oksijeni, na hapo ndipo kazi nyingi zinapofia. Kilo moja ya mafuta inahitaji oksijeni kilo 3 hadi 3.5. Maji yaliyoshiba hewa yana oksijeni kama miligramu 8 tu kwa lita. Yaani ukitegemea maji yapeleke oksijeni, kilo moja ya dizeli inataka kama lita laki nne. Ndiyo maana udongo uliotuama maji hausafiki hata ukiumwagia mbolea ya shamba zima.

Hesabu ya mzigo: mita za ujazo 10 kwa tani 1.5 kila moja ni tani 15. Zidisha kwa miligramu 10,000 unapata kilo 150 za dizeli, sawa na lita 180 hivi. Karibu pipa zima limejificha kwenye kilima ambacho lori moja la mchanga linakibeba.

Kabla ya kuanza, ukikamua udongo mkononi mafuta yakadondoka, bado si kazi ya bakteria. Chota, nyonya, kusanya kwanza. Juu ya miligramu 50,000 kwa kilo mafuta yenyewe yanawaziba na kuwalemaza. Na kama kilichomwagika ni petroli, usikimbilie kugeuza udongo: benzini, sumu iliyomo ndani yake, inapanda hewani unaivuta, na cheche moja inatosha kuleta msiba.

Fundi_Udongo

Naendelea na ujenzi.

Sawazisha eneo la mita 4 kwa 8, lenye mwinamo kidogo upande mmoja. Tandika nailoni nyeusi ya geji 1000, tabaka mbili, maungio yapishane nusu mita. Chini ya nailoni weka mchanga laini, la sivyo kokoto zitaitoboa siku ya kwanza utakapopita na toroli. Pembeni inua tuta la sentimita 30, nailoni ipande juu yake. Upande wa chini weka ndoo au pipa lililozikwa la kupokea maji yanayochuja. Maji hayo yanarudishwa juu ya rundo, hayamwagwi mtaroni.

Chambua mawe, vunja mabonge. Udongo wa mfinyanzi wa mbugani ndio mgumu kuliko wote: bonge la ukubwa wa ngumi nje linasafishwa, ndani linabaki vile vile mwaka mzima. Lengo ni mabonge yasiyozidi kidole gumba. Changanya maganda ya mpunga mita za ujazo 2 ili hewa ipite, na samadi iliyooza kabisa nusu mita ya ujazo. Utapata kina cha sentimita 35 hadi 40. Usizidishe 45, kwa sababu jembe halifiki chini na chini ndiko hewa inakoisha.

Mbolea. Kati ya kilo 150 za dizeli, kaboni ni asilimia 85, yaani kilo 127. Kanuni inayotumika sana ni kaboni 100, naitrojeni 10, fosforasi 1. Unahitaji naitrojeni kilo 12.7 na fosforasi kilo 1.3.

DAP kilo 6.5 inakupa fosforasi yote hiyo, pamoja na naitrojeni kilo 1.2. Iliyobaki, kilo 11.5, inatoka kwenye urea kilo 25. Nusu mfuko.

Lakini DAP yote na urea kilo 5 tu ndizo zinazoingia mwanzoni. Zile 20 zigawe mara tatu, kila baada ya wiki tatu au nne. Yeyusha kwenye maji, nyunyiza kwa keni, geuza siku hiyo hiyo.

Unyevu: chukua konzi, kamua. Ukishikamana bila kutoa maji na ukavunjika ukiugusa kwa kidole, hapo ndipo. Geuza kila wiki kwa miezi miwili ya kwanza, baadaye kila wiki mbili. Turubai iwe juu ya fremu, isilalie udongo.

Kisiki_cha_Mpingo

Mkuu, kwa nini nisimwage nusu mfuko yote siku moja nikapumzika? Bakteria si watakula kadiri wanavyotaka?

Mama_Maabara

@Kisiki_cha_Mpingo hapana. Mbolea ni chumvi, na bakteria hawaishi kwenye udongo mkavu, wanaishi kwenye ule utando wa maji unaozunguka chembe za udongo. Angalia hayo maji ni kiasi gani: tani 15 zenye unyevu wa asilimia 15 zina maji kama lita 2,250. Ukiyeyusha humo naitrojeni yote kilo 12.7 unapata zaidi ya miligramu 5,600 kwa lita. Kuanzia kama 2,000 na kitu hivi, maji hayo yanaanza kuwakausha bakteria kama samaki wa ng'onda. Kwa mgawo wa Fundi kila awamu inakaa kwenye 1,400 au 1,500. Hapo wanafanya kazi.

Halafu urea ikivunjika inatoa amonia na kupandisha pH (kipimo cha uasidi: ikishuka udongo ni mchachu zaidi). Ukisikia pua inawasha kama choo cha stendi, umezidisha. Acha mbolea, geuza, subiri. Baadaye bakteria wengine wanaigeuza amonia kuwa naitreti na pH inashuka, kwa hiyo pima kila mwezi. Ifanye ikae kati ya 6 na 8. Ikishuka tumia chokaa ya kilimo, si ile ya kupaka ukuta. Hiyo inarusha pH juu mno kwa siku moja.

Nyongeza: 100:10:1 ni kikomo cha juu, si deni la kulipwa. Kaboni nyingi inaondoka kama hewa, haijengi miili ya bakteria. Naitrojeni ya bakteria waliokufa nayo inaliwa tena na wazao wao. Kama kipimo kinashuka vizuri baada ya awamu ya pili, awamu ya nne huenda usiihitaji kabisa.

Fundi_Udongo

Nakubali. Na samadi nayo ina naitrojeni yake ambayo sikuihesabu.

mzee_wa_depo

Naona mnazunguka. Kuna bakteria wa kopo, wa unga, wanauzwa tayari wamefugwa kwa kazi ya mafuta. Unachanganya na maji ya vuguvugu unamwaga. Kwa nini mtu ahangaike na majembe miezi sita?

Mama_Maabara

Mzee wangu, shikamoo. Hilo limejaribiwa uwanjani, tena mara nyingi.

Meli ya Exxon Valdez ilipopasuka Alaska tarehe 24 Machi 1989, ilimwaga lita kama milioni 41 za mafuta ghafi. Fukwe za mawe zilinyunyiziwa mbolea, si bakteria: moja ya maji maji inayonata kwenye mafuta, Inipol EAP 22, na nyingine ya punje zinazoyeyuka polepole, Customblen. Kwenye majaribio ya Snug Harbor, ndani ya wiki chache palionekana umbo la mstatili safi katikati ya mawe meusi, pale pale iliponyunyiziwa mbolea. Bidhaa za bakteria zilipojaribiwa huko huko baadaye, hazikuonyesha tofauti ya maana.

Mwaka 1994 jimbo la Delaware, Marekani, watafiti walimwaga kwa makusudi mafuta ghafi ya Nigeria yaitwayo Bonny Light kwenye vipande vya ufukwe. Vingine viliachwa, vingine vikapewa mbolea, vingine mbolea na bakteria. Mbolea iliharakisha kiasi. Kuongeza bakteria juu ya mbolea hakukuongeza kitu. Hata vile vilivyoachwa vilijisafisha vizuri, kwa sababu maji ya pale yalikuwa na naitrojeni ya kutosha tayari.

Sababu inaeleweka. Bakteria wa kopo ni mgeni. Anakuta wenyeji wameshakaa, joto si lile la maabara, na wale vijidudu wanaokula bakteria wanamsubiri. Kopo lina nafasi yake pale ambapo wenyeji hawapo kweli, mfano kokoto safi au kemikali ngeni. Kabla ya kununua muulize muuzaji: jaribio lenu lililinganisha na nini? Maana makopo mengi yana mbolea ndani. Kinachofanya kazi ni ile urea ambayo ungeipata duka la pembejeo.

Kisiki_cha_Mpingo

Na yule bakteria wa Chakrabarty aliyetengenezwa kula mafuta?

Mama_Maabara

Ananda Chakrabarty alimtengeneza Pseudomonas mwenye uwezo wa kuvunja aina kadhaa za haidrokaboni (kemikali za kaboni na haidrojeni zilizomo kwenye mafuta) kwa pamoja, na mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba kiumbe wa namna hiyo anaweza kupewa hataza, yaani haki miliki ya uvumbuzi. Umaarufu wake uko kwenye sheria. Kwenye usafishaji hajawahi kuwa dawa ya kazi.

Fundi_Udongo

Turudi kwenye rundo. Yanayoharibika mara kwa mara, na dalili zake:

Harufu ya mayai viza maana yake hewa imeisha, tena kwa kawaida ni chini kabisa, kwenye nailoni. Geuza hadi chini, punguza maji, ongeza maganda.

Vumbi likiruka unapogeuza, bakteria wamelala. Udongo wenye mafuta ukikauka kabisa unakataa maji, yanateleza juu kama kwenye jani la mgomba. Nyunyiza kidogo kidogo huku ukigeuza. Ukimwaga ndoo nzima yataishia pembeni.

Vumbi la mbao badala ya maganda: hapa wengi wanaumia. Vumbi laini ni kaboni nayo, kwa hiyo bakteria na ukungu wanaanza kugombania naitrojeni ile ile uliyowawekea kwa ajili ya dizeli. Kama huna maganda, tumia maranda manene ya mbao na uongeze urea kidogo.

Masika bila turubai: naitreti yote inachujwa na kuondoka na maji. Wiki moja ya mvua inaweza kumaliza mbolea ya mwezi.

Njia ya bei nafuu ya kujua kama wako hai. Koroga kijiko cha chokaa safi (hapa ni ile ya kupaka ukuta, si ya kilimo) kwenye lita ya maji, acha usiku, mwaga polepole yale maji maangavu ya juu. Weka udongo robo kilo kwenye chupa ya mdomo mpana, ingiza kikombe kidogo chenye maji hayo, funga kabisa. Chupa ya pili weka udongo safi wa uwanja huo huo. Kaboni dioksidi inayafanya maji ya chokaa yaote utando mweupe. Chupa ya rundo ikitangulia mbali, kazi inaendelea.

Mama_Maabara

Hiyo ya chokaa ni nzuri, ila udongo safi nao upewe samadi na mbolea kwa kipimo kile kile. Samadi inapumua na urea ikivunjika inatoa kaboni dioksidi. Bila hivyo unapima samadi.

Na hapa ndipo penye udanganyifu mwingi, hata wa bahati mbaya. Namba ya maabara inashuka kwa njia nne: bakteria wamekula, mafuta yamepaa, yamechujwa na mvua, au umeyachanganya na udongo safi. Ni ya kwanza tu tunayoitaka. Kwa hiyo:

Sampuli ya mwanzo ichukuliwe baada ya kuchanganya maganda na samadi, si kabla. Omba majibu kwa uzito mkavu, la sivyo udongo wa masika utaonekana msafi kuliko wa kiangazi kwa sababu ya maji tu. Acha kipande cha rundo cha mita 1 kwa mita 1, kinageuzwa na kunyeshewa kama kingine ila hakipati mbolea. Hicho ndicho shahidi wako.

Maabara ikiwa na mashine ya kromatografia (inayotenganisha kemikali za mafuta moja moja), iombe uwiano wa alkani iliyonyooka (mnyororo wa kaboni na haidrojeni) yenye kaboni 17 kwa pristani, na ya 18 kwa fitani. Hizi pacha hupaa karibu sawa, lakini bakteria huanza na ile iliyonyooka kwa sababu pristani na fitani zina matawi. Uwiano ukishuka, wamekula. Kwa kazi ya muda mrefu haitoshi, maana mwishowe pristani nayo inaliwa. Alaska walitumia hopani, kemikali nyingine ya mafuta inayoliwa kwa shida sana. Tatizo ni kwamba hopani iko kwenye mafuta ghafi na oili nzito. Kwenye dizeli utaitafuta usiione.

mzee_wa_depo

Marahaba. Nimeelewa la kopo. Swali: uchafu ukiwa mita tatu chini, jembe linafika wapi?

Mama_Maabara

Halifiki. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa kuhusu uchafuzi wa mafuta eneo la Ogoni, Nigeria, ya mwaka 2011, ni somo la hilo hilo. Kati ya maeneo 15 yaliyochunguzwa ambayo kumbukumbu zilionyesha yamekwisha safishwa, 10 bado yalikuwa juu ya kiwango cha Nigeria. Waliosafisha walikuwa wakigeuza udongo wa juu na kuweka mbolea huku mafuta yako chini. Sehemu nyingine yalikutwa kwenye kina cha mita 5. Kiwango cha kuchukua hatua cha nchi hiyo ni miligramu 5,000 kwa kilo.

Kwa hiyo toboa kwanza kwa mkono, mita hadi mita, mpaka upate udongo usionuka, halafu ndipo ukadirie ujazo. Mafuta yakiwa chini sana, uamuzi ni kuchimba au kuvuta hewa kwa mabomba. Na kama kuna kisima jirani, kipimwe kabla hujagusa chochote. Kusafirisha udongo huo nje ya eneo kunataka kibali cha mamlaka ya mazingira: Tanzania ni NEMC, Kenya na Uganda ni NEMA.

Bi_Mikoko

Msisahau pwani. Mafuta yakiingia mikokoni, haya ya kugeuza na kulima yasahauni. Tope la mikoko halina hewa kuanzia milimita chache chini ya uso. Ukiingiza watu hamsini na mabuti, wanayakanyagia mafuta ndani, mahali ambapo yatakaa miongo. Brittany, Ufaransa, baada ya meli ya Amoco Cadiz kumwaga mafuta mwaka 1978, sehemu za kinamasi cha Île Grande zilizochimbwa kwa mashine zilichelewa kupona kuliko zile zilizoachwa. Mikokoni weka vizuizi mlangoni mwa mkondo, nyonya yanayoelea, suuza kwa maji ya bahari yenye nguvu ndogo wakati maji yanatoka, basi. Hata Alaska, mafuta yaliyobaki chini ya mawe yalikaa miaka zaidi ya 20, kwa kukosa oksijeni na virutubisho.

Kisiki_cha_Mpingo

Sabuni ya unga je? Gerejini wanamwaga ili mafuta "yayeyuke".

Fundi_Udongo

Hayayeyuki, yanashuka. Sabuni inayavunja matone madogo, maji yanayabeba chini kwenye kisima. Bakteria nao wanaikimbilia sabuni kwanza, maana ni laini kuliko dizeli. Wao wenyewe wanatoa kitu kama sabuni, ila kidogo na pale pale wanapokula.

Ukigusia gereji: oili chafu ya injini si dizeli. Ina zinki, mara nyingine risasi, na bakteria hawali metali. Pima metali kwanza. Zikiwa juu, huo ni mzigo wa taka hatari, si wa rundo.

Bi_Mikoko

Na mafuta ghafi ya Hoima, Uganda? Bomba la kilomita 1,443 hadi Chongoleani, Tanga, limebuniwa kupashwa joto kwa sababu yana nta nyingi.

Fundi_Udongo

Nta ni alkani zilizonyooka, chakula wanachokipenda. Shida ni umbo. Yakipoa yanaganda, na bakteria wanakula usoni tu. Faida yake ni kwamba yakiganda unayazoa kwa beleshi kabla hayajazama. Zoa kwanza, kisha mabaki uyapondeponde na maganda ya mpunga hadi yasiwe na vidonge. Muda utakuwa mrefu kuliko dizeli.

Kisiki_cha_Mpingo

Dizeli yenyewe sasa, muda gani?

Mama_Maabara

Kwa joto letu, rundo linalogeuzwa kweli, miezi mitatu hadi sita kutoka 10,000 kushuka karibu na 1,000. Mteremko ni mkali mwanzoni, halafu unalala. Huo mkia usiupigie mbolea. Yaliyobaki yamejibana kwenye vitundu vya udongo ambavyo bakteria haingii.

Sampuli: gawa rundo sehemu nne, kila moja chota mahali patano kwa kina tofauti, changanya, jaza chupa ya kioo hadi mdomoni bila nafasi ya hewa. Si chupa ya plastiki. Iweke kwenye barafu muda huo huo, ifike maabara ndani ya siku mbili tatu. Ikikaa juani kwenye gari mchana mmoja, bakteria wataendelea kula humo ndani na utapewa namba nzuri ambayo rundo lako halina.

mzee_wa_depo

Na maji ya kwenye lile pipa la kuchuja, yakibaki mwisho?

Mama_Maabara

Yarudishe juu ya rundo mpaka siku ya mwisho ya kugeuza. Yanayobaki yapimwe kama udongo. Yakiwa na utando wa rangi rangi juu, bado.